Kabla hujasema "kakosea": jinsi ninavyochambua mchezo mgumu wa sataranji

Kaunta buku langu la kwanza la sataranji bado ninalo. Ni la kwaya mbili, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, na ukurasa wa tatu una maneno mawili tu niliyoyaandika nikiwa na miaka kumi na tisa: "Hapa kakosea." Aliyekosea ni José Raúl Capablanca. Nilikuwa nimepitia mchezo wake na Mikhail Botvinnik, nikafika hatua ya 14, nikaandika hivyo, nikafunga daftari nikiamini nimechambua.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha sataranji barazani kwake Ngamiani, hapa Tanga, aliusoma ukurasa ule kimya. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu alikuwa bingwa wa dunia miaka sita. Kabla hujasema kakosea, niambie kwanza yeye aliona nini." Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye mchezo ule ule mwezi mzima, na nimekuwa nikirudi tangu hapo.

Siku hizi ni nesi, nafanya kazi kwa zamu, na kila Jumamosi ninapokuwa nje ya zamu nakaa na vijana watano wa sekondari tunachambua michezo ya wakubwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wao, kwa kutumia mchezo ule ule wa daftari langu. Pangeni kete mnaposoma, maana uchambuzi wa kusoma kwa macho tu hausimami kichwani.

Kwanza, chagua mchezo wenye ugomvi. Usianze na mchezo ambao mmoja alitoa malkia bure hatua ya 12. Huo utacheka, hutajifunza. Kipimo changu ni hiki: fika hatua ya 20, simama, jaribu kumtetea mmoja kwa dakika tano, halafu mtetee mwenzake kwa dakika tano. Ukiweza kuwatetea wote wawili kwa moyo, huo ndio mchezo wa kuchambua. Wazee wa bao wanafanya hivi hivi. Mchezo ukiisha jioni, kesho yake barazani utawasikia wakibishana kuhusu namua moja, na aliyeshindwa ana watetezi wake.

Pili, vifaa. Unahitaji bodi mbili. Ya kwanza inabaki kwenye hali halisi ya mchezo na haiguswi. Ya pili ni ya majaribio, humo unasogeza utakavyo. Ukiwa na bodi moja utajaribu njia tatu, utasahau ngome ilikuwa wapi, na uchambuzi wako wote uliobaki utakuwa wa mchezo ambao haukuchezwa na mtu yeyote. Bodi yangu ya pili ni ya karatasi ya manila niliyoichora mwenyewe, na askari wawili waliopotea nimewaweka vizibo vya soda. Simu weka chumba kingine. Nitaeleza baadaye ni wakati gani wa kuichukua.

Tatu, wajue watu na mahali. Hili wengi wanaliruka, na mimi nalishikilia sana. Mchezo huu ulichezwa Rotterdam tarehe 22 Novemba 1938, raundi ya 11 ya mashindano yaliyoitwa AVRO, kwa jina la shirika la redio la Uholanzi lililoyadhamini. Walialikwa wachezaji wanane tu, karibu wote waliokuwa kileleni mwa dunia wakati ule: Alekhine aliyekuwa bingwa, Euwe na Capablanca waliowahi kuwa mabingwa, Botvinnik, Keres, Fine, Reshevsky na Flohr. Kila mmoja alicheza na kila mwenzake mara mbili, raundi 14 zote, na mashindano yalikuwa yakihama mji hadi mji, wachezaji wakifunga mizigo na kupanda treni. Capablanca alikuwa ametimiza miaka 50 siku tatu tu kabla ya mchezo huu. Botvinnik alikuwa na miaka 27, mhandisi wa umeme kutoka Umoja wa Kisovieti. Walikuwa wamekutana zamani: mwaka 1925, Capablanca akiwa bingwa wa dunia, alicheza na watu wengi kwa wakati mmoja mjini Leningrad, na kijana wa miaka 14 aitwaye Botvinnik akamshinda.

Sasa ukikaa mbele ya bodi unajua kwamba mmoja ni mzee aliyechoka na safari ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa kucheza sahihi bila jasho, na mwingine ni kijana anayepanga kila kitu mapema. Hilo halikuambii hatua ipi ni nzuri. Linakusaidia kukisia kila mmoja aliamini nini.

Kwa uandishi wa hatua natumia herufi za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari, wale ambao wazee wetu huwaita vitunda, hawana herufi, huandikwa mraba tu. Alama x ni kula, + ni cheki (mfalme ametishiwa), nukta tatu kabla ya hatua maana yake ni hatua ya nyeusi, na O-O ni mfalme kujificha pembeni pamoja na ngome yake. Botvinnik ana kete nyeupe.

1.d4 Nf6 2.c4 e6 3.Nc3 Bb4 4.e3 d5 5.a3 Bxc3+ 6.bxc3 c5 7.cxd5 exd5 8.Bd3 O-O 9.Ne2 b6 10.O-O Ba6 11.Bxa6 Nxa6 12.Bb2 Qd7 13.a4 Rfe8 14.Qd3 c4

Mara ya kwanza pitia mchezo wote haraka, mwanzo hadi mwisho, dakika kumi, bila kusimama, kama unavyosikiliza hadithi mara ya kwanza. Halafu funika hatua kwa karatasi na urudi mwanzoni taratibu.

Ufunguzi usikule muda. Kitu kimoja tu ninachotaka kila anayechambua aandike anapomaliza ufunguzi: askari wamekaaje? Waandike kwa mistari. Hapa baada ya hatua ya 14 nyeupe ana a4, c3, d4, e3, f2, g2, h2. Nyeusi ana a7, b6, c4, d5, f7, g7, h7. Saba kwa saba. Lakini hesabu kwa upande: kuanzia mstari wa e hadi h nyeupe ana wanne, nyeusi watatu. Upande wa malkia nyeusi ndiye mwenye wengi. Kwa hiyo kabla hujaangalia kete kubwa hata moja, ramani ya vita umeshaipata. Nyeupe atasukuma katikati kuelekea kwa mfalme, nyeusi atatafuta riziki kule upande wa malkia.

Angalia pia askofu wa b2. Anatembea miraba myeusi, na askari wake mwenyewe wa c3 na d4 wamesimama mbele yake kwenye miraba hiyo hiyo. Kwa sasa ni mlinzi wa geti tu. Mwandike pembeni ya ukurasa, tutamhitaji.

Sasa tuingie kwenye hatua ya 14, ile niliyoiandikia "kakosea". Kabla ya 14...c4 malkia mweupe amefika d3, anamtazama farasi wa a6 kwa mshazari, na farasi huyo hana mlinzi. Capablanca lazima afanye kitu. Hapa ndipo kazi yenyewe ya kuchambua inapoanza. Usiulize hatua ipi ni bora. Uliza alikuwa na hatua zipi mkononi, na kila moja inasema nini kuhusu siku za mbele. Vijana wangu huwa wanaziorodhesha tatu. Malkia arudi b7 amlinde farasi, katikati pabaki na mvutano. Farasi mwenyewe arudi c7. Au askari asonge c4, amfukuze malkia na amfunge njia kwa pamoja.

Capablanca alichagua ya tatu. Aliona nini? Jiweke kwenye kiti chake. Askari wa c4 anamfukuza malkia, kwa hiyo anapata hatua moja bure. Mraba wa b3 sasa ni wake, hakuna askari mweupe anayeweza kuulinda. Farasi wake akifika pale, askari wa a4 atakuwa yatima, na malkia mweusi wa d7 anamtazama tangu zamani. Hesabu hii ni ya kweli kabisa, na ilitimia yote. Ndiyo maana neno "kakosea" ni uvivu. Aliona askari atakayempata, na akampata.

Bei yake ilikuwa nini? Wakati askari mweusi yupo c5, akimkodolea macho askari wa d4, nyeupe hawezi kusukuma e4 bila woga, maana katikati yake inaweza kufunguliwa muda wowote. Akishasogea c4, mkono huo umeondoka shingoni mwa d4. Nyeupe yuko huru kuandaa e4. Wachambuzi wengi wamependekeza 14...Qb7 kwa sababu hiyo hiyo. Andika sentensi mbili kwenye daftari lako, moja ya kila mchezaji. Zangu ziko hivi: "Capablanca anaamini nyeupe hatafika kokote katikati kabla a4 haijaliwa. Botvinnik anaamini a4 ni nauli, na gari linaondoka."

Baada ya kuandika sentensi hizo, hatua zinazofuata ni ushahidi wa kesi. Tazama:

15.Qc2 Nb8 16.Rae1 Nc6 17.Ng3 Na5 18.f3 Nb3 19.e4 Qxa4

Zoezi ninalolipenda kuliko yote liko hapa, na halihitaji kipaji. Chora mistari miwili. Kushoto andika hatua tano za nyeupe: malkia c2, ngome e1, farasi g3, askari f3, askari e4. Kulia andika tano za nyeusi: farasi b8, farasi c6, farasi a5, farasi b3, malkia ala a4. Upande mmoja kete nne zimeelekea katikati na kwa mfalme. Upande mwingine farasi mmoja ametembea nusu ya bodi, na malkia amemfuata kule kule. Nyeusi ana askari mmoja zaidi, na kete mbili kubwa zilizo mbali na nyumbani.

Usipite hapa bila kuona ufundi wa Capablanca, kwa sababu farasi hakwenda b3 kutalii. Malkia mweupe wa c2 alikuwa akimlinda askari wa a4 kwa mshazari unaopita b3. Farasi akikaa b3 anaukata ulinzi ule kama mtu aliyesimama mlangoni. Na baada ya kumla a4, kuna mtego: farasi wa b3 akiondoka, malkia wawili wanatazamana, na nyeusi, mwenye askari zaidi, anataka sana kubadilishana. Ndiyo sababu Botvinnik alicheza 20.e5 Nd7 21.Qf2. Kwa mwendo mmoja malkia anatoka kwenye mtego na kumuunga mkono askari wa f. Vijana wengi wakifika hapa wanakisia hatua za kushambulia, na nawauliza swali moja: mwenzako anataka kufanya nini sasa hivi kama ungempa hatua ya bure? Asiyeweza kujibu hilo asikisie chochote.

Niliwahi kushindwa vibaya kwa jambo hili hili, kwenye mashindano ya siku moja. Nilimla askari wa pembeni kwa malkia nikiwa na furaha, na malkia wangu hakurudi tena nyumbani hadi mfalme wangu alipofungwa. Usiku ule nilipanga mchezo wangu kwenye bodi moja na huu wa Rotterdam kwenye ya pili. Mimi sikuhesabu hatua. Yeye alihesabu, na bado alipitwa kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu.

21...g6 22.f4 f5 23.exf6 Nxf6 24.f5 Rxe1 25.Rxe1 Re8

Hapa unapita kwa mwendo wa kawaida. Nyeusi anaweka g6 kuzuia f5, nyeupe anakusanya f4, nyeusi anasimamisha askari kwa f5, nyeupe anamla njiani (askari aliyeruka miraba miwili huweza kuliwa na askari wa jirani kana kwamba amesogea mmoja), kisha anasukuma f5 hata hivyo. Ngome moja moja zimebadilishwa. Simama kwenye 25...Re8 na ufunike karatasi yako.

Hali iko hivi. Nyeusi anataka kubadilisha ngome ya mwisho. Zikiondoka, shambulio linapungua nguvu na askari wa a7 na b6 wanaanza safari. Mpe kila kijana dakika kumi na tano kwa kutazama saa, aandike hatua yake na sababu. Wengi huandika kula g6. Wachache huiona: 26.Re6. Ngome inasimama mbele ya ngome na kusema nile. Akila kwa 26...Rxe6 27.fxe6, askari wa f amegeuka kuwa askari wa e6, aliyebakiza hatua mbili tu kuwa malkia, na hakuna askari mweusi wa kumzuia.

Na asipokula? Hili ndilo jambo la bodi ya pili. Jaribu 26...Kf7, mfalme mwenyewe aje kumlinda mwenzake. Jibu ni 27.Rxf6+ Kxf6 28.fxg6+ Kxg6 29.Qf5+ Kg7 30.Nh5+ Kh6 31.h4, na mfalme mweusi yuko barazani bila shati huku farasi wake mmoja bado yuko b3 na malkia bado yuko a4. Njia hii iendeshe kwa mkono hadi utakapoona mwenyewe kwamba ni mbaya kwa nyeusi. Usikubali kwa kuwa nimesema mimi. Rudi hatua moja nyuma pia: badala ya 25...Re8, je 25...Rf8? Nyeupe anajibu 26.Qf4 na unaendelea kutoka hapo. Ukurasa wangu wa njia hiyo una mistari iliyofutwa mara nne.

Capablanca alikula, 26...Rxe6 27.fxe6, na mchezo ukaendelea: 27...Kg7 28.Qf4 Qe8 29.Qe5 Qe7

Malkia mweusi amerudi nyumbani hatimaye, mbio, kuja kumziba askari wa e6. Kuna njia moja ndogo ya kuangalia kabla ya kuendelea, kwa sababu inaonyesha kwa nini alilazimika kurudi. Angecheza 28...Qa2 kumtishia askofu wa b2, ingekuja 29.Nf5+ gxf5 30.Qg5+ Kf8 31.Qxf6+, na mfalme hana pa kwenda: akienda e8 anakutana na 32.Qf7+ Kd8 33.Qd7 chekimeti, akienda g8 kuna 32.Qf7+ Kh8 33.Qf8 chekimeti. Andika kwenye daftari maneno haya: farasi anajitoa, malkia anaingia g5, farasi wa f6 anaanguka. Ni picha. Wachezaji wakubwa hawakumbuki hatua moja moja, wanakumbuka picha kama hizi, na picha hii itarudi sasa hivi ikiwa na vazi lingine.

Pangeni tena bodi kwa makini baada ya 29...Qe7. Nyeupe: Kg1, Qe5, Bb2, Ng3, askari c3, d4, e6, g2, h2. Nyeusi: Kg7, Qe7, Nf6, Nb3, askari a7, b6, c4, d5, g6, h7. Nyeusi ana askari mmoja zaidi. Malkia wake amesimama imara mbele ya e6. Ukimwondoa malkia yule e7, kila kitu kinavunjika. Nani atamwondoa? Malkia mweupe ana kazi, farasi hafiki. Anabaki yule mlinzi wa geti, askofu wa b2 ambaye hatua 17 nzima hajasogea.

30.Ba3

Siku niliyoielewa hatua hii kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye zamu ya usiku, wodi imetulia, nimechora bodi nyuma ya karatasi. Nililia kidogo, na sioni aibu kusema hivyo. Askofu ambaye mchezo wote alikuwa nyuma ya watu wake anakwenda kuliwa pembeni kabisa ya bodi, ili malkia wa adui aondoke mlangoni kwa hatua moja tu.

Sasa hesabu. Asipokula, tuseme 30...Qe8, inakuja 31.Qc7+ Kg8 32.Be7 na farasi wa f6 hana raha, 32...Ng4 33.Qd7 na askari wa e6 hashikiki. Akila, 30...Qxa3, ile picha inarudi: 31.Nh5+. Farasi sasa anajitoa h5 badala ya f5. Akimkataa kwa 31...Kh6, jaribu 32.Nxf6 Qc1+ 33.Kf2 Qd2+ 34.Kg3 Qxc3+ 35.Kh4 Qxd4+ 36.Ng4+, ambapo farasi anaziba cheki na kutoa cheki kwa pumzi moja. Akimla:

31...gxh5 32.Qg5+ Kf8 33.Qxf6+ Kg8 34.e7

Hapa wengi wanafunga daftari, na hapa ndipo ninapowashika mkono. Nyeupe ametoa askofu na farasi. Nyeusi ana malkia aliye huru na mfalme mweupe yuko wazi. Kama mfalme huyu hawezi kukwepa cheki, kazi yote nzuri inaishia sare. Kwa nini 34.e7 na si 34.Qf7+ kwanza? Weka malkia f7 kwenye bodi ya pili, kisha mpe nyeusi cheki zake zote. Utaona anakula c3, halafu anakula d4, na kila mlo ni cheki. Malkia akibaki f6 analinda d4 na mraba wa e5 kwa mshazari ule ule. Kete moja, kazi tatu: anatishia f8, analinda e7, anamkinga mfalme wake kwa mbali.

34...Qc1+ 35.Kf2 Qc2+ 36.Kg3 Qd3+ 37.Kh4 Qe4+ 38.Kxh5 Qe2+ 39.Kh4 Qe4+ 40.g4 Qe1+ 41.Kh5

Capablanca akakubali. Cheki zilizobaki ni Qe5+ na Qh4+, na kote kuwili malkia wa f6 anamla. Mtembeze mfalme huyo kwa kidole, mraba kwa mraba, kutoka g1 hadi h5, na kwenye kila kituo jiulize kwa nini si mraba wa jirani. Huu ni uchambuzi wa nusu saa peke yake. Halafu mtazame farasi wa b3. Tangu hatua ya 18 hajasogea. Yupo pale pale mchezo unapokwisha, amekaa vizuri, hana kazi.

Sasa unaweza kuchukua simu. Injini, yaani programu inayocheza sataranji, kama Stockfish ni msaada mkubwa, ila inakuja mwisho, na inakuja kuulizwa, haiji kuhukumu. Ninachofanya ni hiki. Naandika kwanza maoni yangu ya kila hatua muhimu kwa wino. Kisha naiwasha kwenye hatua hizo tu, naiacha ichimbe muda mrefu, na naiomba inionyeshe njia tatu bora badala ya moja. Ikikubaliana nami napita. Ikinipinga, siandiki nambari yake. Naicheza njia yake kwenye bodi hadi niweze kueleza kwa Kiswahili kwa nini iko sahihi. Nisipoweza kueleza, naandika "sijaelewa" pamoja na tarehe.

Mwaka jana kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea simu akasema, "Shangazi, yenyewe inasema hapa nyeusi hana shida." Nikamwambia aicheze nyeusi dhidi yangu kuanzia hatua ya 19, bila simu. Nilimshinda. Tukabadilishana viti, nikachukua nyeusi, akanishinda yeye. Injini haikudanganya. Injini haiogopi mfalme wake akiwa wazi, wala haichoki baada ya raundi kumi na treni. Sisi tunahitaji kujua hali ipi ni ngumu kuishika kwa mtu, na hilo unalipata kwa kucheza hali hiyo kwa mkono, pande zote mbili.

Jambo la kumalizia kwenye daftari ni ukurasa wa nyeusi. Baada ya uchambuzi wote, geuza bodi, kaa upande wa Capablanca, cheza upya kuanzia 14.Qd3 ukitafuta namna ya kuishi. Na ukiwa pale usisahau kwamba kwenye mashindano yale yale Botvinnik mwenyewe hakuwa wa kwanza. Keres na Fine walimaliza na pointi 8½, yeye 7½, Capablanca 6.

Ukurasa wangu wa 14...Qb7 una sasa miaka kumi na moja. Mwanzo wake una wino wa bluu wa mjomba, mwandiko umelala kulia: "Farasi yuko salama. Mvutano upo. Je, nyeupe anasukuma nini sasa?" Chini yake kuna majibu yangu manne, matatu nimeyakata. La nne linaanza na askofu wa b2 kurudi c1. Jumamosi ijayo tunaliweka kwenye bodi ya manila.